Cherehani Nyumbani na Amani ya Ndoa



Katika nyumba nyingi za Kericho na Bomet kuna cherehani. Wengine waliinunua kwa fedha za bonasi ya chai, wengine waliipata zamu yao ilipofika katika chama cha kina mama, na wengine walipewa zawadi siku ya harusi. Mama huanza kwa kuwashonea watoto wake. Jirani huona gauni zuri kanisani siku ya Jumapili, naye anaomba mtoto wake ashonewe kama hilo. Baada ya mwaka mmoja kuna daftari la oda, kuna gunia la vipande vya vitambaa chini ya meza, na kuna shilingi zinazoingia kwa simu.

Hilo ni jambo jema. Lakini katika nyumba hiyo hiyo huanza kusikika maneno ambayo hayakuwapo zamani. Mume analalamika kwamba chakula cha jioni kinachelewa. Mke anasema hela yake yote imekwenda kwa karo na hakuna aliyemwambia asante. Siku moja mume anauliza, "Hiyo biashara yako inaleta nini hasa?" Mke ananyamaza, kwa sababu yeye mwenyewe hajui.

Somo letu la leo linahusu ukimya huo. Ugomvi mwingi unaoletwa na biashara ya nyumbani una chanzo kimoja: saa za yule anayefanya kazi hazijahesabiwa. Kitambaa kimehesabiwa, uzi umehesabiwa, lakini saa zake huonekana kama kitu cha bure. Na kitu cha bure hakiheshimiwi. Yafaa basi mume na mke wakae pamoja, na kalamu na karatasi, wazihesabu saa hizo. Tutaona jinsi ya kufanya hivyo, na jinsi hesabu hiyo inavyosaidia katika mambo mengine ya nyumba.

Tunasema "mama" kwa sababu katika nyumba nyingi ndiye mshonaji. Lakini katika miji yetu mafundi wengi wa nguo ni wanaume, na kama katika nyumba yako mshonaji ni baba, somo hili ni lenu pia.

1. Kwa nini nyumba inahitaji cherehani

Kila mkulima wa chai anajua jinsi fedha za chai zinavyokuja. Kila mwezi mnalipwa kiasi fulani kwa kila kilo ya majani mliyopeleka kituoni. Kisha, mwaka wa hesabu ukifungwa mwezi Juni, bonasi inatangazwa, na kwa kawaida inafika kabla ya mwisho wa Oktoba. Bonasi ndiyo inayojenga nyumba, kununua ng'ombe na kulipa karo ya sekondari. Ikipungua, mipango yote inayumba. Mwaka 2025 wakulima wengi wa Kericho na Bomet walilalamika kwa uchungu kwamba bonasi yao ilikuwa ndogo sana ikilinganishwa na ya wenzao wa mashariki mwa Bonde la Ufa. Tena kuna mvua ya mawe, ambayo kwetu si mgeni. Mchana mmoja tu inaweza kuharibu machipukizi ya shamba zima, na mkulima akangoja majuma kadhaa kabla ya kuchuma tena. Na kwa wale wanaotegemea kibarua katika mashamba makubwa, mashine za kuchuma zimepunguza kazi. Ghasia zilizotokea Kericho mwezi Mei 2023 zilitokana na jambo hilo.

Kwa hiyo cherehani nyumbani si mchezo wa mama wa kupitishia wakati. Inaweza kuwa mguu wa pili wa kusimamia wakati mguu wa kwanza unapoteleza. Lakini mguu wa pili nao unaweza kuteleza, kama hatujui tunapata nini na tunapoteza nini.

2. Hesabu ya gauni moja

Tuchukue mfano. Bei za kwenu zitatofautiana kidogo, basi andikeni zenu mahali pa hizi.

Mama anashona gauni la mtoto wa miaka minne. Anatumia mita moja na nusu ya kitambaa kwa shilingi 300 kila mita, yaani shilingi 450. Zipu ni shilingi 30, uzi 20, lesi na vifungo 50. Jumla ni shilingi 550. Gauni linauzwa shilingi 700. Mama anafurahi, anasema amepata shilingi 150.

Sasa tuongeze vitu ambavyo havikuandikwa. Alikwenda mjini kununua vitambaa, nauli ya kwenda na kurudi shilingi 200, akaleta vya magauni 10. Kwa hiyo kila gauni limebeba shilingi 20 za nauli. Makaa ya pasi ni shilingi 15. Cherehani nayo inachakaa: siku moja itahitaji mkanda mpya au fundi wa kuirekebisha, na baada ya miaka itahitaji kubadilishwa. Tuweke akiba ya shilingi 20 kwa kila gauni. Hizo ni shilingi 55. Katika zile 150 sasa zimebaki 95.

Kisha tuulize swali ambalo halijaulizwa: gauni hilo lilichukua muda gani? Kupima na kukata, kushona, kutia zipu, kushona pindo kwa mkono, kupiga pasi. Tuseme saa nne. Shilingi 95 kwa saa nne haifiki shilingi 24 kwa saa. Mama akifanya kazi saa nane, amepata kama shilingi 190.

Sasa mtazameni jirani anayechuma chai kwa kibarua. Tuseme analipwa shilingi 10 kwa kilo, na kwa siku ya saa nane anachuma kilo 40. Anakwenda nyumbani na shilingi 400. Kwa maneno mengine, mama mwenye ufundi, mwenye mashine na mwenye macho yanayouma usiku, anapata chini ya nusu ya mapato ya mchuma chai. Na kama nyumba hiyo imeajiri mtu wa kuchuma chai yao ili mama apate nafasi ya kushona, basi kila siku ya kushona inaipunguzia nyumba fedha. Hakuna aliyeiba. Hakuna aliyekuwa mvivu. Saa tu hazikuhesabiwa.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Bei ya haki ni ipi basi? Vifaa shilingi 550, gharama nyingine 55, na saa nne za mama kwa shilingi 50 kila saa, kama anavyopata mchuma chai, ni 200. Jumla shilingi 805. Ongezeni kidogo, karibu sehemu moja ya kumi, kwa ajili ya kitambaa kitakachoharibika na mteja atakayekimbia bila kulipa. Tunafika kama shilingi 885, tuseme 900.

Mume mmoja atasema, "Lakini yeye hushona usiku, wakati ambao hata hivyo hakuna chai ya kuchuma. Saa hizo hazina bei." Ndugu yetu, saa za usiku zina bei kubwa kuliko za mchana. Ni saa za usingizi, za kusikiliza watoto, na za ninyi wawili kuzungumza. Mkiziuza, msiziuze kwa bei ya chini.

3. Tushone kitu gani

Hapo mama atauliza swali la kweli: "Nikisema shilingi 900, nani atanunua? Sokoni gauni la mtumba lauzwa kwa fedha kidogo sana." Ni kweli. Tangu soko lilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, mitumba imejaa kila mahali, na hata viwanda vikubwa vya nguo vya nchi hii vililemewa. Rivatex ya Eldoret ilifungwa, ikachukuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007, na ikazinduliwa upya mwaka 2019 baada ya kuwekewa mitambo mipya. Ikiwa kiwanda kizima kilishindwa kupambana na bei ya mtumba, cherehani moja sebuleni haitaweza.

Kwa hiyo msishindane na mtumba. Shoneni kile ambacho mtumba hauna. Fikirini pamoja:

Nguo za siku maalum. Mzazi anayetafuta gauni jeupe la Komunyo ya Kwanza, au nguo ya mtoto anayebatizwa, hataki iliyotoboka au yenye doa. Tena anataka iwe saizi ya mtoto wake. Jimbo letu la Kericho, lililoundwa mwaka 1995, lina parokia katika kaunti zote mbili, na kila mwaka zina watoto wa Komunyo ya Kwanza. Mwulizeni katekista mapema ni watoto wangapi na ni lini.

Sare. Watoto wa PP1 na PP2 wanahitaji sare ndogo ambazo mtumba hauna. Kwaya ya watoto inahitaji nguo zinazofanana. Familia inayokwenda harusini inapenda watoto wavae kitambaa kimoja.

Nguo za baridi. Mji wa Kericho uko kama mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai zinajulikana. Suruali ya flaneli yenye bitana, na koti dogo lenye kofia, ni vitu ambavyo mama wa kwetu anaona thamani yake bila kuelezwa.

Mfano mzuri hauko mbali. Karibu na Njoro, upande wa Nakuru, kikundi kiitwacho Kenana Knitters kilianza mwaka 1998. Wanawake wa vijijini husokota sufu na kufuma kwa mkono wanasesere na vitu vya watoto, na vingi vinauzwa ng'ambo. Kikundi hicho hakikujaribu kuuza bei ya chini kuliko kila mtu. Kilitafuta mnunuzi anayetaka kitu kilichofanywa kwa mkono na aliye tayari kukilipia. Ninyi hamna haja ya kufika ng'ambo. Mnunuzi wa namna hiyo yuko hata Litein, Kapkatet, Sotik na mjini Bomet.

Ufundi nao uonekane, ili mteja ajue analipia nini. Kitambaa cha pamba kifuliwe kabla ya kukatwa, kwa kuwa husinyaa mara ya kwanza, na gauni lililotosha Jumamosi litambana mtoto Jumamosi ijayo. Acheni pindo pana, la vidole vitatu au vinne, ili mtoto akirefuka liachiliwe. Msitie kamba ndefu shingoni kwa mtoto mdogo, maana inaweza kumnyonga. Vifungo vya nguo za watoto wachanga vishonwe imara sana, au viachwe kabisa, kwa sababu mtoto hutia kila kitu kinywani. Mama mwenzako akikuta mambo hayo katika nguo moja, ataleta na dada yake.

Jambo la mwisho katika sehemu hii: punguzeni saa badala ya kupunguza bei ya saa. Kateni magauni sita ya umbo moja siku moja. Shoneni mabega yote sita, kisha zipu zote sita, kisha pindo zote. Gauni lililochukua saa nne huenda likachukua saa tatu. Kazi ni ile ile, na saa moja imerudi nyumbani.

4. Fedha hizi ni za nani

Hapa ndipo nyumba nyingi hukwaruzana. Kuna makosa mawili, moja la mume na moja la mke.

Kosa la mume ni kuona fedha za cherehani, kisha polepole kuondoa mkono wake. Mwanzo anasema, "Mama watoto, nunua sukari leo, wewe una hela." Mwezi unaofuata ni sukari na mafuta ya taa. Mwaka unaofuata ni sukari, mafuta, madaftari na hospitali. Mke anajikuta akinunua chakula kwa fedha zilizopaswa kununua kitambaa. Biashara inakufa, na mume anasema, "Si nilijua haitafika mbali?"

Kosa la mke ni kuficha. Anaogopa mume akijua ataondoa mkono, kwa hiyo anasema amepata 300 wakati amepata 1,000. Fedha zinawekwa chini ya godoro au kwenye laini nyingine ya simu. Siku mume akizigundua, hatauliza ni kiasi gani. Atauliza, "Umenificha mangapi mengine?" Kuaminiana kunakopotea hapo hakurudi upesi.

Dawa ya makosa yote mawili ni moja. Gaweni kila shilingi inayoingia katika mafungu matatu, na wote wawili myajue. Fungu la kwanza ni la kurudisha vifaa: ile 605 ya gauni letu, yaani kitambaa, uzi, nauli, makaa na akiba ya cherehani. Fungu hili haliguswi kwa ajili ya sukari, hata nyumba ikose sukari siku tatu. Fungu la pili ni malipo ya saa za mshonaji. Fungu la tatu ni faida ndogo inayobaki, ya kukuza kazi na kuzibia hasara.

Lile fungu la pili ndilo la kuzungumzia kwa upole. Je, liingie lote katika matumizi ya nyumba? Je, sehemu fulani ibaki mkononi mwa mama, kama vile baba anavyobaki na kitu chake mfukoni? Kila nyumba na iamue, lakini iamue kwa maneno, mezani, kabla fedha hazijafika. Na baba aseme wazi majukumu gani yanabaki kuwa yake, bonasi ije kubwa au ndogo. Mazungumzo yanaweza kuwa mafupi hivi:

"Baba watoto, mwezi huu cherehani imelipa saa zangu shilingi 3,000. Naona 2,000 ziende kwa karo ya muhula ujao, na 1,000 zibaki kwangu. Wewe waonaje?"

"Ni sawa, mama. Ya chakula na hospitali yanabaki kwangu kama kawaida. Lakini bei ya majani ikianguka nitakuambia, ili tupange upya."

"Basi tuandike."

Ona kwamba hakuna aliyeomba, wala hakuna aliyeamuru. Wote wawili wanajua idadi, na hakuna wa kumshuku mwenzake.

Sheria ya nchi nayo inatazama mambo hivyo. Katiba ya mwaka 2010 inasema mume na mke wana haki sawa wakati wa kuoana, wakiwa katika ndoa, na ndoa ikivunjwa. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inatambua kwamba mtu huchangia mali ya familia kwa fedha na hata bila fedha: kwa kazi za nyumbani, kulea watoto, kusimamia biashara ya familia, na kazi ya shambani. Hatuitaji sheria hii ili mtishane nayo. Tunaitaja kwa sababu kama hakimu anaweza kuona thamani ya kazi hiyo, sembuse mume na mke walioahidiana mbele ya altare.

Mnakumbuka pia Akula na Priskila katika Matendo ya Mitume, sura ya 18. Walikuwa mume na mke, na kazi yao ilikuwa kushona mahema. Paulo alipofika Korintho alikaa kwao, akafanya kazi pamoja nao, kwa kuwa naye alijua ufundi huo. Majina yao yanatajwa mara sita katika Agano Jipya, na mara zote sita yanatajwa pamoja. Hatuambiwi nani alikata na nani alishona.

5. Deni, mkopo na jamaa

Kukopa harusi, kulipa matanga. Methali hii ingefaa kubandikwa ukutani juu ya kila cherehani.

Mteja akileta oda, alipe kwanza fedha za kitambaa. Sehemu iliyobaki atalipa akichukua nguo. Asiyeweza kulipia kitambaa leo, hakuna ishara kwamba ataweza kulipia gauni zima kesho. Kumwambia hivyo si ukali, na biashara haigombi.

Shida kubwa ni jamaa. Shemeji anataka suruali za watoto wanne na atalipa "mwisho wa mwezi". Mama mkwe analeta kitambaa na haongei habari ya malipo. Hapa tunashauri kanuni moja: mume aseme na watu wa kwao, mke aseme na watu wa kwao. Mke akimdai dada wa mumewe, ataitwa mchoyo. Mume akisema, "Dada yangu, cherehani ile inalipa karo ya watoto, tusaidie kuilinda," maneno yatapokelewa. Na mkitaka kumpa mama mkwe zawadi, mpeni kwa moyo mweupe. Iandikeni katika daftari kuwa ni zawadi, na msiihesabu tena kama deni.

Vipi kuhusu mkopo wa kununulia mashine bora? Kukopa kwa ajili ya chombo cha kazi si jambo jipya. Kampuni ya Singer huko Marekani ilianza mwaka 1856 kuuza cherehani kwa malipo ya kidogo kidogo, kwa sababu familia nyingi hazingeweza kamwe kuilipia kwa mkupuo. Kwetu kuna vyama vya akiba na mikopo, kuna vikundi vya kina mama, na kuna Hazina ya Wanawake ya serikali iliyoanzishwa mwaka 2007. Lakini kabla ya kutia sahihi, rudini kwenye hesabu ya gauni moja. Gaweni malipo ya kila mwezi kwa faida ya gauni moja, mpate idadi ya magauni ya kulipa deni. Kama mkopo unadai shilingi 2,000 kwa mwezi, na faida baada ya kulipa saa za mama ni shilingi 80 kwa gauni, mnahitaji magauni 25 kila mwezi kabla hamjala chochote kutoka faida hiyo. Je, mna wateja 25 mwezi wa Februari, wakati watu wamekwisha maliza fedha kwa karo? Kama hamna, subirini.

Na mkopo wowote ujulikane na wote wawili. Sheria hiyo ya mwaka 2013 inasema nyumba ya ndoa haiwezi kuwekwa rehani bila wote wawili kukubali kwa maandishi. Mikopo midogo ya simu haiulizi mwenzako, na kwa sababu hiyo hiyo ndiyo ya kuogopwa zaidi.

6. Mwaka wa cherehani na mwaka wa nyumba

Kazi ya nguo za watoto ina majira yake kama chai. Desemba kuna Noeli, harusi, na sherehe za kifamilia za wakati wa likizo. Januari kuna sare za shule. Februari na Machi kazi hupungua. Kwa bahati nzuri, bonasi hufika kabla ya majira makubwa. Wanandoa wenye busara hutenga kiasi kidogo cha bonasi kununulia vitambaa mapema, hushona Novemba, na huuza Desemba na Januari. Nyumba isiyopanga hununua kitambaa Desemba kwa bei ya juu, na mama anashona hadi usiku wa manane katika juma la Noeli, siku ambazo watoto wako nyumbani na wageni wako mlangoni.

Wekeni basi mpaka. Cherehani ifunikwe saa fulani ya jioni, tuseme saa tatu, na Jumapili ipumzike. Oda zinazozidi zikataliwe mapema, au apewe jirani anayejua kushona. Na kwa majuma yale machache ya kazi nyingi, baba achukue kazi fulani za nyumbani bila kungoja kuombwa: kukamua ng'ombe, kupeleka majani kituoni, kuhakikisha watoto wamekula. Anaweza hata kukata nyuzi na kupiga pasi. Katika hesabu yetu, saa moja ya baba kwenye pasi ina thamani ile ile ya shilingi 50.

Watoto wanaweza kuokota vipande na kupanga vifungo, lakini masomo yao yatangulie. Na pasi ya makaa, sindano na mkasi viwekwe mahali ambapo mikono midogo haifiki.

Mwisho, kuna hesabu moja isiyoingia katika daftari. Ikiwa baada ya miezi sita mmeona kwamba cherehani inaleta fedha, lakini hamzungumzi tena ila kwa habari za oda, basi punguzeni kazi. Na ikiwa mmeona kwamba kila gauni linapoteza fedha, na mama anaona haya kusema, baba asicheke. Kaeni tena mezani. Badilisheni bei, badilisheni mnachoshona, au fungeni kazi kwa amani na kuiweka cherehani kwa ajili ya nguo za watoto wenu. Kufunga biashara si kushindwa katika ndoa.

Kazi ya wiki hii

Chagueni jioni moja watoto wakiwa wamelala. Chukueni nguo moja ambayo mama ameshona karibuni, iwekeni juu ya meza, na mjibu pamoja:

1. Vifaa vyote vya nguo hii viligharimu kiasi gani, pamoja na nauli na makaa?

2. Ilichukua saa ngapi? Mke akadirie kwanza, kisha wiki ijayo mpime kwa saa ya kweli.

3. Baada ya gharama zote, kila saa ililipwa shilingi ngapi? Mchuma chai wa kwetu analipwa ngapi?

4. Ni nani anayetudai, na ni nani tunayemdai? Nani kati yetu atazungumza naye?

5. Baba, ni kazi gani moja ya nyumbani utakayoichukua katika majira ya Desemba na Januari? Mama, ni oda gani moja utakayoikataa?

Baada ya swali la tatu, nyamazeni kidogo. Pengine itakuwa mara ya kwanza ninyi wawili kuiona kwa macho bei ya kazi ya mwenzako. Wanaume, jioni hiyo msiilaze bila kusema asante.